Kozi ya jioni ya mawasiliano na mbinu za utafiti: nenda kwa ajili ya dodoso, kompyuta jifunzie nyumbani

Watu kadhaa wameniuliza hii kozi ikoje, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Ni kozi fupi ya jioni, mawasiliano na mbinu za utafiti, inatolewa na chuo kimoja hapa Dar, jina sitaji maana nina mabaya ya kusema pia na sitaki kupigiwa simu usiku. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hizo tatu na nusu zote ni za mwalimu mmoja na za fildi, zilizobaki zimeliwa na chumba cha kompyuta.

Mi kazi yangu ni kuendesha kurasa za mitandao za wateja, napost, najibu komenti, mwisho wa mwezi naandika ripoti. Bosi wangu kila ripoti ananiuliza swali lile lile, sawa wameiona, sasa wameelewa nini? Unabaki unamuonesha laiki. Ndo kilichonipeleka. Wengine darasani walikuwa watangazaji wa redio, maafisa habari wa halmashauri, dada mmoja wa kampuni ya bima, na kundi kubwa tu la wanafunzi wa masters waliokwama sura ya tatu ya thesis, ile ya mbinu za utafiti, na walikuja wakidhani wataandikiwa. Hao wa sura ya tatu wengi waliacha katikati, tutafika huko.

Ada sio ya kutisha ukilinganisha na kozi nyingine za mjini, ila jua kabisa hendauti hazimo, unatoa fotokopi mwenyewe steshenari ya chini na yule jamaa wa steshenari anajua huna pa kwenda. Vipindi vinaanza saa kumi na moja na nusu, maana yake kama ofisi yako iko Mbezi utakosa nusu saa ya kwanza kila siku, foleni haina huruma. AC ipo ukutani kama mapambo. Basi, hayo yameisha.

Sasa Madam. Tulikuwa tunamwita hivyo tu, Madam, mama mtu mzima ambaye amefanya tafiti za vyombo vya habari miaka mingi na hana slaidi hata moja, anakuja na marundo ya madodoso ya zamani na kalamu nyekundu. Kila mtu alitakiwa aandike dodoso lake la kazini kwake halafu linasomwa mbele ya darasa. Sio la Madam peke yake kulikosoa, ni darasa zima, na kila anayekosoa lazima aseme angeuliza vipi yeye. Jamaa mmoja wa redio alikuja na swali hili, "Je, kutokana na umuhimu wa elimu ya afya kwa jamii, unadhani kituo chetu kinaelimisha na kuburudisha wasikilizaji?" Sisi tukaona mbona zuri tu, lina adabu. Madam akamwuliza, mtu akikujibu ndiyo, amekubali lipi? Kwamba afya ni muhimu, kwamba mnaelimisha, au kwamba mnaburudisha? Na nani huyo atamkatalia mgeni aliyekuja nyumbani kwake na tisheti ya kituo?

Hapo ndo nilianza kuelewa kwa nini data zetu ofisini huwa tamu sana. Watu wetu wana adabu. Mtu akikukaribisha kibarazani kwake hawezi kukwambia usoni kwamba kipindi chako kinamboa, atasema kizuri tunashukuru muongeze muda. Kwa hiyo swali lenyewe linatakiwa limpe nafasi ya kusema ukweli bila kukuvunjia heshima. Badala ya kuuliza "unasikiliza redio mara kwa mara?" unauliza "jana ulisikiliza redio?", akisema ndiyo, saa ngapi, ulikuwa wapi, nani aliifungua, mlikuwa mnasikiliza kwa simu au redio yenyewe. Jana mtu anaikumbuka, "mara kwa mara" ya kwangu na ya kwako hazifanani. Na lile la nani aliifungua lina mambo mengi ndani yake, kuna nyumba mama anajua vipindi vyote vya asubuhi kwa majina lakini hajawahi kushika kitufe cha redio, baba ndo anachagua, sasa ukihesabu "msikilizaji" umemhesabu nani?

Kuna mtego mmoja alitufundisha ambao nimeshaanza kuutumia kazini. Kwenye orodha ya vipindi unachomeka jina la kipindi ambacho hakipo duniani. Tulipoenda fildi wapo waliotuambia wanakisikiliza, na mama mmoja akasema anampenda sana yule mtangazaji wake. Sio kwamba watu ni waongo jamani, mtu anataka kukusaidia umalize kazi yako uende, na pia hataki kuonekana amepitwa. Ila sasa unajua kwenye hiyo orodha yako majibu ya "ndiyo" yana maji kiasi fulani.

Kipato pia, usiulize mwanzo. Kwanza wanadhani wewe ni TRA. Umri, kipato, hayo weka mwisho mtu akishakuzoea, na hata kipato chenyewe bora uulize nyumba ina umeme, sakafu ni ya nini, paa ni la nini, ndivyo zile tafiti kubwa za kitaifa za afya zinavyofanya kukadiria hali ya kaya bila kumtajisha mtu mshahara ambao pengine hana.

Kipindi kingine kilichonibamba ni cha sampuli, yaani wale wachache unaowahoji kwa niaba ya wote. Nyie mliosoma vyuo vya hapa mnaijua fomula ya Yamane ya 1967 ya kutafuta uhoji watu wangapi, ile ya kugawanya idadi ya watu kwa moja kujumlisha idadi mara kosa kipeo cha pili, kila thesis ya nchi hii inayo, nadhani wengine wanazaliwa nayo. Madam akatupigia hesabu ubaoni kwa kosa la asilimia 5. Mtaa wa watu 800 unakupa 267. Watu 10,000 unakupa 385. Akachukua Tanzania nzima, milioni 61.7 za sensa ya 2022, ikatoka 400. Darasa kimya, hasa wale wa sura ya tatu. Akasema hiyo namba inakwambia wangapi, haikwambii akina nani, na imeshachukulia kwamba kila mtu kwenye hiyo idadi alikuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Ukisimama geti la Mlimani City Jumamosi ukahoji watu 400 umepata maoni ya watu wanaoenda Mlimani City Jumamosi, hata ukiandika Yamane kwa wino wa dhahabu.

Na hapo akatuletea kisa cha Marekani cha 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza Landon anamshinda Rais Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Orodha yao ya majina ilitoka sana kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na 1936 mwenye simu na gari ni nani? Halafu waliojisumbua kurudisha karatasi ni wale waliokuwa na hasira zaidi na Roosevelt. George Gallup, mtu wa kura za maoni, akiwa na sampuli ndogo mno kuliko hiyo alipatia mshindi. Sasa fikiria zile kura tunazoweka kwenye stori za Instagram halafu tunaandika kwenye ripoti "asilimia 78 ya Watanzania". Mi nimeacha. Mteja mmoja hajafurahi, lakini nimeacha.

Mfano wa kinyume chake alitoa wa hapa hapa, Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa simu wa shirika la Twaweza, iliyoanza 2013. Wao walianza kwa kwenda kwenye kaya kwa miguu, wakachagua kwa kubahatisha kwa utaratibu, wakagawa simu na chaja za sola, ndo baadaye wakawa wanapiga. Maana yake aliye kijijini bila simu naye yumo. Ni gharama, ndio, lakini ukitaka kupiga simu halafu useme nchi nzima inasema hivi, gharama hiyo huikwepi.

Upande wa mawasiliano wenyewe, yaani nadharia, mwanzo nilijua nitalala. Msomi Lasswell wa Marekani na lile swali lake la 1948, nani kasema nini kwa njia gani kwa nani na matokeo gani, nilikuwa nimeshalisoma diploma nikalisahau. Tofauti ni kwamba huyu mama kila nadharia anakutuma mtaani nayo. Tulipofika kwa McCombs na Shaw, wenye nadharia kwamba vyombo vya habari ndo vinatuchagulia mada za kuongelea, wale waliohoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua kule Chapel Hill mwaka 1968 wakalinganisha wanayoyaona ni muhimu na yanayopewa uzito kwenye magazeti na televisheni, asaimenti ikawa hii, nenda kwenye meza ya magazeti asubuhi, andika vichwa vikubwa vya kurasa za mbele, halafu jioni kaa mahali watu wanapopiga stori uandike mada tu, bila majina. Mi nilikaa saluni ninaposukia. Wenzangu walienda vijiwe vya bodaboda na vya kahawa.

Wiki yetu iliangukia kwenye mechi ya Simba na Yanga. Kwa hiyo unajua. Kurasa za mbele mpira, vijiwe mpira, kuna jambo la bei lilikuwa linaendelea wiki ile na linamgusa kila mtu mfukoni na likafa kabisa kwenye karatasi zetu za vijiweni. Ila saluni kwangu halikufa! Saluni walikuwa wanaongelea bei, na mambo ya mtu fulani wa bongo fleva, mpira kidogo mno. Hapo darasani likazuka zogo, je vyombo vya habari vimewachagulia wanaume mada na wanawake hawakusikia, au magazeti yanafuata kijiwe badala ya kijiwe kufuata gazeti? Madam akatuacha tugombane karibu saa nzima, mwisho akasema mkitaka kujua lipi limetangulia lazima mpime siku nyingi mfululizo, sio siku moja asubuhi na jioni. Akaongeza Erie County, Ohio, 1940, mtafiti Lazarsfeld na wenzake walivyorudi kwa watu wale wale mwezi hadi mwezi wakati wa kampeni za urais wakakuta watu wengi wanamsikiliza mtu wao wa karibu anayefuatilia habari zaidi kuliko wanavyoisikiliza redio moja kwa moja. Mwenye saluni yetu ndo huyo mtu. Hasomi gazeti, ila yuko kwenye magrupu ya WhatsApp mengi na akisema kitu pale kimepita.

Suala la kusikiliza watu saluni bila kuwaambia nalo lilijadiliwa vizuri, kuna waliosema ni umbea wenye cheti. Tulikubaliana mwenye saluni aambiwe, na hakuna jina wala kitu cha kumtambulisha mtu kinachoandikwa. Tulipitia pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, hii watu wa mitandao wenzangu mnaikanyaga kila siku mnavyokusanya namba za simu kwenye "jaza fomu ushinde". Na vibali vya utafiti, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na barua ya serikali ya mtaa, ilielezwa harakaharaka tu, ningependa waongeze hapo.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni cha Twende na Wakati. Wakubwa wanaukumbuka, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993, Mkwaju dereva wa lori na wanawake zake kila kituo, mkewe Tunu. Mi nilijua ni mchezo tu, kumbe nyuma yake kulikuwa na utafiti ambao duniani kwenye fani hii unatajwa sana. Ulirushwa nchi karibu nzima isipokuwa kwenye eneo la mtambo wa kurushia matangazo wa Dodoma, kule wakaweka vipindi vingine mpaka 1995, ili watafiti, msomi wa mawasiliano Everett Rogers akiwemo, walinganishe waliosikia na wasiosikia kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Baada ya 1995 Dodoma nao wakarushiwa, wakaangalia tena. Na hawakuishia kwenye dodoso la nyumbani, waliwauliza na wanaokuja kliniki wamesukumwa na nini.

Kaka mmoja wa Dodoma darasani akawaka, yaani sisi tulinyimwa mchezo ili mtulinganishe? Na ugonjwa ulikuwa unaua? Ni swali zito na Madam hakulikimbia, alisema kulinganisha hivyo kuna bei yake na bei hiyo inalipwa na mtu mwingine, sio mtafiti. Halafu tukachambua upande wa ufundi, mtu wa Dodoma akisafiri Morogoro akausikia anahesabiwa wapi, je Dodoma ilikuwa sawa na kwingine tangu mwanzo, na kwenye ile miaka miwili si kulikuwa na kampeni nyingine pia. Nilitoka pale kichwa kinawaka. Tungekuwa na kipindi kama hicho kimoja kila wiki ningetoa nyota tano nikalale.

Alitaja pia Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya 1973, redio na vijitabu na vikundi vya kusikiliza, watu karibu milioni 2, na watathmini wakaenda kuangalia nyumba zenyewe, vyoo vipo havipo, kabla na baada. Kuangalia choo ni bora kuliko kuuliza "je una choo bora?" Hilo halihitaji SPSS, ile programu ya takwimu.

Fildi ilikuwa Tandika. Wawili wawili, barua ya mtaa mkononi, simu ina KoboToolbox, programu ya kujazia majibu ya dodoso, ambayo ni ya bure na inakubali kujaza hata bila mtandao unatuma baadaye. Swali la kwanza tulilopewa karibu kila nyumba ni mmeleta msaada gani, la pili mmetumwa na nani. Mzee mmoja tulimkuta anatengeneza viatu, shikamoo, marahaba wanangu, akajibu maswali yote vizuri, tulipomaliza akasema na mie nina moja, nyie kila mwaka mnakuja mnauliza, majibu mnapeleka wapi? Mwenzangu akaanza kumsomea fomu ya ridhaa. Mzee akacheka tu.

Nilimpelekea Madam lile swali na ndo akatupa historia ambayo mi sikuwa naijua, kwamba kuna aina nzima ya utafiti shirikishi ambayo imekuzwa hapa hapa Tanzania miaka ya 70, Marja-Liisa Swantz wa Finland akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo, wanakijiji wanakaa na watafiti kuanzia kutunga swali mpaka kujadili majibu. Tunafundishwa za Ohio na Chapel Hill, safi, lakini hii ya Bagamoyo ilitakiwa iwe wiki ya kwanza, sio imekuja kwa sababu fundi viatu ameuliza.

Haya, sasa kompyuta. Jamani. Robo nzima ya kozi ni uchakataji wa data na anafundisha mtu mwingine, anachelewa, anafungua SPSS kwenye projekta yenye rangi ya njano, bonyeza hapa, bonyeza pale, toka, rudi. Mashine nyingi leseni imeisha kwa hiyo mnaangalia watatu watatu kwenye moja. Ukiuliza kwa nini tumetumia kai skwea (kipimo cha kuona kama vitu viwili vinahusiana) hapa na sio kitu kingine jibu ni "ndo inavyofanyika". Ukiuliza ile 0.05 ya kupimia kama matokeo ni ya bahati tu maana yake nini unaambiwa ikiwa chini yake iko safi. Yaani umetoka kwa mtu anayekuhoji neno moja la swali lako nusu saa, unaingia kwa mtu anayekwambia namba iko safi! Na data tulizochakata hazikuwa hata zetu za Tandika, lilikuwa faili la mfano la wagonjwa wa hospitali huko Ulaya. Zile za Tandika mpaka leo ziko kwenye akaunti ya Kobo. Kwa hiyo yule mzee alikuwa sahihi kabisa.

Hapa ndo wale wa sura ya tatu walipoondoka, na siwalaumu. Wengine wamemlipa mtu wa steshenari awachakatie, hiyo biashara ipo na kila mtu anaijua. Mi nilijifunza mwenyewe nyumbani, kuna programu za takwimu za jamovi na PSPP zote za bure, ya kwanza ni rahisi zaidi kwa macho, na kwa kazi kama yangu Excel inatosha mno. Uchambuzi wa maudhui pia tulifundishwa nusunusu, wawili mnasoma habari zile zile, kila mmoja anaipa kila habari alama ya kundi lake, mnalinganisha mmekubaliana kiasi gani, lakini ile kappa ya Cohen, kipimo cha kuondoa makubaliano ya bahati tuliambiwa tutaisoma wenyewe. Nimeisoma. Sio ngumu, ilihitaji mtu wa kukaa na wewe dakika ishirini tu.

Cheti kinatoka baada ya muda mrefu kupita kiasi na usitegemee kitakupandisha cheo.

Kama kazi yako inahusu maneno ya watu, redio, kurasa, kampeni za afya, hata huduma kwa wateja, nenda. Kama unataka sura ya tatu iandikwe, usiende, utachukia. Na kama shida yako ni takwimu tu hiyo hela weka kwenye bando ujifunze nyumbani. Kabla hujalipa pita ofisini uliza nani anafundisha madodoso muhula huo, waulize moja kwa moja, maana kwenye tangazo hawaandiki majina ya walimu. Wakikwambia Madam yuko likizo, subiri muhula unaofuata.